Kaburi la Bibi Salme na Makaburi Yetu ya Ng'ambo

Msomaji wetu atajiuliza: kaburi la binti wa Sultani wa Unguja, tena liko Ulaya, linahusu nini desturi zetu sisi watu wa Kazimia? Swali hilo ni la haki. Katika kitabu kama hiki tumezoea kusoma juu ya ndoa, mahari, matanga na majina ya watoto. Lakini mambo hayo yote manne, ndoa, mahari ya kukosa, matanga na majina, yanakutana katika maisha ya huyu mama mmoja. Tena kuko jambo la tano ambalo sisi wa pwani ya Ziwa Tanganyika tunalijua kuliko watu wengi: kufa ugenini na kuzikwa mbali.

Tunaye mwandishi mwingine wa karne ya 19 aliyepita karibu nasi zaidi. Ni Hamed bin Muhammed, huyu tunayemwita Tippu Tip, aliyeandika maisha yake kwa Kiswahili. Alifariki Unguja mwaka 1905 na kaburi lake liko huko huko mjini. Habari zake watu wa Maniema na wa Fizi wanazo nyingi, na si zote za kufurahisha. Leo tumemchagua Salme, kwa sababu yeye hakubahatika kuzikwa nyumbani, na kwa sababu kitabu chake kinatulazimisha kuzungumza maneno ambayo hatupendi kuyazungumza.

1. Kuzaliwa kwake

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika kasri la Mtoni, kaskazini kidogo ya mji wa Unguja. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, yule aliyehamishia makao yake Unguja na kuipanda mikarafuu. Mama yake aliitwa Jilfidan. Huyu hakuwa Mwarabu wala Mswahili. Alitoka kwa Wacherkesi, katika milima ya Kaukazi. Akiwa mtoto mdogo sana, wanyang'anyi walivamia kwao, wakawaua wazazi wake, wakamchukua yeye na ndugu zake wakawauza. Hivyo Jilfidan aliingia nyumba ya Sayyid Said kama mtumwa wa kununuliwa, akawa suria, akamzaa Salme.

Tunaomba msomaji asilisahau jambo hili. Tutalirudia mbele.

Nyumba ile ilikuwa kubwa kuliko vijiji vyetu vingi. Sayyid Said alipofariki baharini mwaka 1856, aliacha watoto 36 walio hai, wa mama mbalimbali. Salme anaeleza katika kitabu chake jinsi lugha zilivyochanganyika mle ndani: Kiarabu, Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kinubi, Kihabeshi. Watoto wa kike walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hapana. Kuandika kulikuwa kwa wanaume. Salme alijifundisha mwenyewe kwa siri. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, akawa ananakili herufi za Kurani moja moja hadi mkono ukazoea.

Sisi walimu tunapenda kuwasimulia wanafunzi habari hiyo, hasa wasichana. Lakini tusiwafiche upande wa pili: kalamu hiyo hiyo ndiyo iliyomtia matatani. Mwaka 1859, mama yake akiwa ameshafariki kwa kipindupindu, ndugu yake Barghash alitaka kumpindua ndugu yao Majid aliyekuwa Sultani. Njama ilihitaji mtu wa kuandika barua. Salme, mwenye miaka 15 tu, akawa karani wa njama hiyo. Njama ikavunjika, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay, na Salme akabaki kati ya ndugu wawili, mmoja amemkosea, mwingine hayupo.

2. Ndoa yake

Baadaye alipatana na Majid, akaja kukaa mjini. Jirani yake alikuwa kijana Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa kampuni ya Hansing ya Hamburg. Nyumba za Mji Mkongwe zimebanana, paa na paa zinaonana. Wakapendana. Mwaka 1866 Salme akapata mimba.

Kwa sheria ya nyumba yao, na ya dini yao, jambo hilo lilikuwa hatari ya kifo. Mwezi wa Agosti 1866, wakati watu wanasherehekea Siku ya Mwaka na wanawake wanakwenda kuoga pwani usiku, Salme naye alishuka pwani. Mtumbwi ulikuwa unamngoja. Akapakiwa katika manowari ya Waingereza iliyoitwa Highflyer, ikampeleka Aden. Huko alimzaa mtoto wake wa kwanza, Heinrich. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily, na siku hiyo hiyo akafunga ndoa na Ruete. Wakaondoka kwenda Hamburg. Mtoto Heinrich hakufika. Alifia njiani, katika nchi ya Ufaransa.

Hapa wazee wetu watasema: ndoa bila wajomba, bila mahari, bila mtu wa kuitwa siku ya ugomvi, hiyo ni ndoa ya miguu miwili tu. Hatusemi hivyo kwa kumhukumu. Tunasema kwa sababu yaliyofuata yanaonyesha vile ukoo unavyokuwa na kazi mtu anapoanguka.

Hamburg walipata watoto watatu kwa miaka mitatu. Antonie alizaliwa Machi 1868, Rudolph Aprili 1869, Rosalie Aprili 1870. Kila mmoja alipewa jina la Kijerumani la mbele, na nyuma yake jina la kwao mama: Antonie Thawka, Rudolph Said, Rosalie Ghuza. Tunajua sote maana ya jambo hilo. Mtu anayempa mwanaye jina la baba yake anasema: huyu mzee hajafa. Salme hakuweza kufika kwenye kaburi la baba yake, lililo kando ya kasri mjini Unguja. Basi alimwita kila siku mezani, kwa jina la mtoto.

Mwezi wa Agosti 1870 mume wake alidondoka na kugongwa na tramu, gari la reli lililokokotwa na farasi, akafariki tarehe 6. Rosalie alikuwa hajafikisha miezi minne. Salme hakuwa ametimiza miaka 26.

3. Ujane wa ugenini

Kwetu mjane anakalishwa. Akina mama wanakuja na mikeka, wanalala naye, wanapika, wanalia naye, hata matanga yavunjwe. Baadaye maneno ya mali yanaanza, na mara nyingi ni mabaya, tukubali. Wangapi wamefukuzwa nyumbani na shemeji zao? Lakini hata mjane anayenyang'anywa shamba kwetu anajua mlango wa kaka yake uko wapi.

Salme hakuwa na mlango huo. Sheria ya Hamburg ya wakati ule haikumwachia mama peke yake kusimamia watoto na mali yao. Waliwekwa walezi wanaume. Feza ikapungua. Akahama mji hadi mji: Dresden, Rudolstadt, Berlin. Akauza vitu vyake, akafundisha Kiarabu kwa malipo, yeye binti wa Sultani. Na kule Unguja, Majid alifariki Oktoba 1870, Barghash akatawala, yule yule aliyeandikiwa barua za njama. Barghash hakumsamehe dada yake kuacha dini na kuolewa na Mkristo. Urithi wake kutoka kwa ndugu waliofariki akanyimwa.

Mwaka 1885 alirudi Unguja kwa mara ya kwanza baada ya miaka 19, pamoja na watoto wake watatu. Lakini alikuja na nani? Alikuja na meli za Wajerumani. Bismarck alikuwa anataka nchi ya bara, ile iliyokuja kuitwa Tanganyika, na madai ya dada wa Sultani yalikuwa kisingizio kizuri cha kumtisha Barghash. Barghash alipokubali matakwa ya Wajerumani, madai ya Salme yakasahauliwa. Watu wa mji walimzunguka kwa furaha na kumsalimia, lakini ndugu yake hakumpokea. Alirudi tena mwaka 1888, Barghash ameshakufa na Khalifa ametawala. Mara hiyo pia alitoka mikono mitupu.

Hakurudi tena. Alikwenda kukaa Jaffa, kisha Beirut, mahali ambapo angalau aliisikia adhana na lugha ya baba yake. Alikaa huko hadi mwaka 1914. Uzee wake aliumalizia Ujerumani. Mwaka 1922 ndipo serikali ya Unguja, chini ya Sultani Khalifa bin Harub, ilipomkubalia malipo ya pauni 100 kwa mwaka. Miaka miwili tu akayafaidi.

4. Kaburi

Bibi Salme alifariki tarehe 29 Februari 1924, mjini Jena, nyumbani kwa binti yake Rosalie, kwa ugonjwa wa mapafu. Alikuwa na miaka 79. Amezikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, kwenye eneo la ukoo wa Ruete. Ohlsdorf ni bustani kubwa ya wafu, moja ya makaburi makubwa kabisa duniani, yenye miti na barabara kama mji.

Katika vitu vyake kulikutwa kifuko kidogo cha mchanga. Ulikuwa mchanga wa pwani ya Unguja. Wakamzika nao.

Tuhesabu kidogo. Mara yake ya mwisho kukanyaga Unguja ni mwaka 1888. Kama aliuchota mwenyewe, basi mchanga ule alitembea nao zaidi ya miaka 35, kutoka Jaffa hadi Beirut, kutoka Beirut hadi Ujerumani, kupita hata vita vikubwa vya 1914. Mtu hahifadhi mchanga kwa sababu una bei. Alijua wapi atazikwa, na alijua kwamba hakuna ndugu atakayemrudisha. Basi akajiandalia mwenyewe kipande cha kwao.

Watoto wake nao walitawanyika. Antonie aliolewa na Eugen Brandeis, aliyekuwa mtawala wa Wajerumani katika visiwa vya Marshall, mbali kabisa katika bahari ya Pasifiki. Waliachana baadaye, na Antonie alikufa kwa mabomu mwezi wa Aprili 1945, vita vikiwa vinakaribia kwisha. Rudolph alikuwa askari wa Ujerumani, akafanya kazi Misri, akaja kuhamia Uingereza. Jina la babu alilopewa aliliunganisha na jina la ukoo, akawa Said-Ruete, na mwaka 1929 alitoa kitabu juu ya Sayyid Said. Alifariki mwaka 1946 Uswisi. Rosalie aliolewa na ofisa wa jeshi la Prussia, akafariki mwaka 1948. Ukoo mmoja, makaburi katika nchi tatu, mbali na Mtoni.

5. Kitabu, na neno gumu

Salme alitoa kitabu cha maisha yake mwaka 1886 kwa Kijerumani, na mwaka 1888 kikatoka kwa Kiingereza. Ni kitabu cha kwanza kinachojulikana cha mwanamke Mwarabu kueleza maisha yake mwenyewe na kukichapisha. Baada ya kifo chake zilionekana pia barua ndefu alizoandika kama anamwandikia rafiki wa nyumbani, kueleza ujane wake na baridi ya Ulaya. Hizo zilichapwa mwaka 1993, miaka 69 baada ya kuzikwa kwake.

Sasa neno gumu. Katika kitabu hicho Salme anatetea utumwa. Anasema watumwa wa nyumba za Waarabu hawakuteswa kama Wazungu walivyodhani, tena anasema Mwafrika bila kulazimishwa hafanyi kazi. Yeye mwenyewe alirithi mashamba na watumwa wake.

Sisi ni watu wa ziwa hili. Watumwa hao walitoka wapi? Walitoka Maniema, walitoka pande zetu hizi, wakavushwa ziwa hadi Ujiji, wakatembea hadi Tabora na Bagamoyo, wengine wakiwa na pembe za ndovu kichwani. Waingereza Burton na Speke walipopita Ubwari na kufika Uvira mwaka 1858, biashara hiyo ilikuwa tayari inatembea. Baadaye Rumaliza wa Ujiji alikuja kuziharibu pwani za kaskazini. Mwaka huo wa 1858 Salme alikuwa msichana wa miaka 14, akila asali na mkate wa kasri. Nani aliyelima karafuu zilizolipa mkate ule? Yawezekana ni babu wa mmoja wetu.

Na huyu ni mtoto wa Jilfidan! Mama yake aliibwa kwa njia ile ile: wazazi wakauawa, mtoto akauzwa. Salme alimpenda mama yake na kumwandikia maneno mazuri. Lakini hakuvuka hatua moja iliyobaki, ya kusema: kilichompata mama yangu ni uovu, na kinachowapata hawa pia ni uovu. Njo maana kule Hamburg kulitokea ubishi. Mwaka 2019 uwanja mmoja wa mji ulipewa jina lake, Emily Ruete. Watu wakasoma tena kitabu, wakalalamika, na mwaka 2020 baraza la wilaya likaamua jina hilo liondolewe.

Je, walifanya vema? Kati yetu waandishi na walimu hatukubaliani. Wako wanaosema jina la mtu aliyetetea utumwa halistahili kuwekwa mahali pa heshima, basi. Wako wanaosema Wajerumani wameona rahisi kufuta jina la mwanamke mgeni kuliko majina ya matajiri wao waliochuma katika biashara hiyo hiyo. Sisi tunasema hivi: uwanja ni heshima, na heshima inaweza kunyimwa. Kaburi si heshima, kaburi ni haki. Hata mwenye kosa anazikwa na kukumbukwa jina. Wazee wetu hawakumtupa mtu porini kwa sababu alikuwa na maneno mabaya. Kwa hiyo tunaweza kusoma kitabu cha Salme, tukakasirika kwenye kurasa zile, na bado tukahuzunika kwa kifuko cha mchanga. Moyo wa mtu mzima unaweza kubeba vyote viwili.

Lakini haki hiyo ya kaburi iwe ya wote. Salme ana jiwe lenye jina na tarehe. Jumba la makumbusho la Unguja nalo lilimtengea chumba cha habari zake. Wale waliotoka huku wakiwa wamefungwa shingo, waliodondoka kati ya Ujiji na Tabora, hawana hata alama. Hakuna aliyeandika walizaliwa lini. Waliobaki hai wakawa Wamanyema wa Ujiji, wa Dar es Salaam na wa Unguja, wakashika jina la nchi yao kama Salme alivyoshika mchanga.

6. Na sisi

Tumefika kwetu. Vita vya mwaka 1996, na vile vya 1998, vilivusha maelfu ya watu wa Fizi hadi Kigoma. Wengine wetu tulilelewa Nyarugusu na Lugufu, tukasoma huko, tukaoana huko. Tangu mwaka 2005 meli za HCR zikaanza kurudisha watu kutoka Kigoma hadi Baraka. Lugufu ilifungwa. Watu walirudi na sufuria, mabati na karatasi zao. Lakini wafu hawakuandikwa katika orodha ya meli. Walibaki.

Tunapowauliza wanafunzi wetu wa sekondari babu zao wamezikwa wapi, wengi wananyoosha kidole upande wa mashariki, juu ya maji. Ukiuliza zaidi, kambi gani, kijiji gani cha kambi, mwaka gani, wananyamaza. Na waliobaki huku nao? Waliouawa Makobola mwisho wa mwaka 1998 na mwanzo wa 1999, waliozikwa haraka haraka milimani wakati watu wanakimbia, majina yao yote yako wapi? Yako vichwani mwa akina mama wenye miaka sabini. Mama huyo akienda, na majina yanakwenda.

Salme anatufundisha mambo mawili, moja kwa wema wake na moja kwa kosa lake. La kwanza: aliye mbali na kwao ajitunzie alama, na mwenye kalamu aandike. Kama yeye asingejifundisha kuandika kwa siri, leo tusingejua hata kwamba Jilfidan aliishi. La pili: mwandishi anayewaandika watu wa nyumba yake tu na kuwasahau waliobeba maji ya nyumba hiyo, ameandika nusu.

Kwa hiyo tunawaomba wasomaji wetu jambo ambalo halihitaji feza nyingi. Kila familia ichukue daftari moja. Iandike jina la kila marehemu, jina la baba yake na la mama yake, mahali alipozikwa, mwaka, na nani aliyekuwepo siku hiyo. Tusiwaandike wa ukoo wetu tu. Yule jirani wa kambini aliyekufa bila ndugu, mkamchimbia kaburi ninyi, mwandikeni naye. Yule mgeni aliyeopolewa ziwani akazikwa ufukoni hapa Kazimia bila mtu kumjua, andikeni angalau siku na nguo alizovaa. Iko siku mtu atakuja kuuliza.

Daftari hilo likae pamoja na vyeti vya ubatizo na karatasi za shamba. Na kijana anayevuka kwenda Kigoma kwa biashara ya ndakala, apewe ukurasa mmoja na wazee wake: kaburi la fulani, mahali fulani, chini ya mti fulani. Akipata nafasi aende, aling'oe majani, asimame kidogo, kisha arudi aseme amelikuta katika hali gani.